TAHADHARI: Anayeuza "studio kamili" ya kurekodi sauti kwenye Amiga 500

Habari zenu wakuu. Hii ni kwa wenzangu tunaokusanya kompyuta za zamani huku Uingereza, na kwa wale wa nyumbani wanaoagiza mizigo kupitia ndugu zao. Kuna muuzaji anatangaza kifurushi cha Commodore Amiga 500 (A500), kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, kwa pauni 120: diski tatu za flopi, kiboksi cheusi cha kuchomeka kwenye poti ya printa, na karatasi ya maelekezo. Anadai utarekodi na kucheza sauti ya biti 16, stereo, ubora wa CD, nusu saa nzima kwa diski moja, na MP3 juu yake. Jina lake siliandiki kwa sababu kila akilalamikiwa anafungua akaunti nyingine. Tangazo halibadilishi, ndilo mtakalomtambua nalo.

Viboksi viwili vimefika mezani kwangu. Kimoja ni cha mzee wetu wa Mombasa anayeishi Leicester. Mzee ana kaseti za taarab na za harusi za kwao, nyingine za watu waliokwisha tangulia mbele ya haki, na darini kuna Amiga waliyoiacha wanawe. Tangazo linasema kabisa kwamba kifurushi ni cha kuhamishia kaseti, basi akaona mambo mawili yamekwisha kwa pesa moja. Cha pili kililetwa na dada mmoja wa Coventry aliyemnunulia mumewe zawadi. Alipomwandikia muuzaji kwamba sauti inatoka kama simu ya mkonga iliyoliwa na kutu, aliambiwa kompyuta yake ndiyo mbovu. Alipouliza mara ya pili akafungiwa.

Kompyuta si mbovu. Niliipima, ni nzima kabisa.

Tuanze na mashine yenyewe, maana huyu bwana anakula kwa watu wasioijua. Sauti ya Amiga inatoka kwenye chipu iitwayo Paula, ile ile iliyokuja na Amiga ya kwanza mwaka 1985 na ikaendelea kwenye A500 ya mwaka 1987. Ina chaneli nne, mbili za kushoto na mbili za kulia. Kila chaneli ni biti 8, na kwa skrini ya kawaida haivuki sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 28,000 na ushee kwa sekunde. CD ni biti 16 na sampuli 44,100. Hakuna diski ya kuibadilisha Paula ikawa kitu kingine.

Hapo atakujibu, na ameshawajibu watu, kwamba ipo njia ya kupata biti 14. Ni kweli ipo, na ndiyo maana naieleza, kwa sababu uongo wake umeegemea hapo. Unachukua chaneli mbili za upande mmoja, moja unaiweka kwenye sauti ya juu kabisa, ngazi ya 64, nyingine kwenye ngazi ya 1. Ya kwanza inabeba sehemu kubwa ya mawimbi, ya pili inabeba vile vipande vidogo vilivyobaki, na ukizijumlisha unapata kitu kinachokaribia biti 14. AHI, mfumo wa sauti wa Amiga, unafanya hivyo, na programu kadhaa za kucheza sauti zinafanya hivyo vizuri sana. Lakini huko ni kucheza. Kurekodi hakumo, kwa sababu Paula haina mlango wa kuingizia sauti. Kinachoingiza sauti ni kile kiboksi, na kiboksi nitakifikia.

Sasa hiyo nusu saa kwa diski moja. Sauti ya CD inakula baiti 44,100 mara mbili kwa ajili ya biti 16, mara mbili tena kwa ajili ya stereo: baiti 176,400 kila sekunde. Diski ya Amiga inabeba kilobaiti 880, yaani baiti 901,120. Gawanya. Ni sekunde tano! Nusu saa ingetaka diski zaidi ya 350. Hata ukishuka hadi biti 8, mono, sampuli 20,000 kwa sekunde, A500 yenye RAM ya kilobaiti 512 kama ilivyotoka kiwandani ingejaa baada ya sekunde 26, na hapo hatujaipa programu yenyewe nafasi ya kukaa. Mzee wangu wa Leicester ana nyimbo za taarab zinazokwenda dakika kumi na zaidi. Mwimbaji angekuwa bado hajafungua kinywa, fidla ndiyo kwanza zinaanza.

Kwenye MP3 sikai sana. Prosesa ya A500 ni Motorola 68000 ya megahezi 7. Kufungua MP3 huku inacheza ni kazi ya Amiga zilizoongezewa prosesa kubwa: 68030 inajikongoja kwa ubora uliopunguzwa, 68060 ndiyo inayotulia. A500 tupu haiwezi.

Watu wananiambia, lakini video yake tumeiona na sauti ilikuwa safi. Itazameni tena, macho yenu yawe kwenye taa nyekundu ya umeme. Kwenye Amiga taa hiyo imefungamana na kichujio cha sauti. Ikiwaka kwa nguvu, kichujio kiko kazini na sauti nyembamba zinakatwa. Programu ikikizima, taa inafifia. Kwenye video yake taa inang'aa mwanzo hadi mwisho, na matoazi yanalia utafikiri yako chumbani kwako. Sauti hiyo imewekwa juu ya picha, haikutoka kwenye mashine ile. Nilipoligundua hili nilicheka peke yangu, kisha nikamkumbuka mzee na kicheko kikaisha.

Kiboksi sasa. Nimekifungua. Kina chipu ya ADC0804 inayogeuza sauti kuwa namba, vipinga kadhaa na tundu la kuingizia sauti, moja tu, kwa hiyo stereo imekufa hapo hapo. Chipu hiyo ni ya biti 8, na kwa vipimo vya kiwanda inachukua karibu maikrosekunde 100 kugeuza sampuli moja. Maana yake ni sampuli kama 10,000 kwa sekunde ukibahatika, na sauti yoyote iliyo juu ya hezi 5,000 haipatikani. Simu ya mezani inatumia sampuli 8,000. Ndiyo maana dada wa Coventry alisikia alichosikia. Chipu si mbaya kwa kazi yake, na sampla (viboksi vya kuingizia sauti) nyingi za biti 8 za enzi zile zilitengenezwa kwa gharama ndogo na zikatoa mapigo ya ngoma na vipande vya sauti vilivyowapa watu majina. Tatizo ni stika ya "biti 16" iliyobandikwa juu, na bei.

Kibaya kuliko yote ni karatasi ya maelekezo. Imeandikwa uchomeke kiboksi kompyuta ikiwa imewashwa, uone kitaa chake kikiwaka. TAFADHALI MSIFANYE HIVYO. Poti ya printa ya Amiga imeunganishwa moja kwa moja na chipu iitwayo CIA, namba 8520, bila kinga yoyote katikati. Kuchomeka au kuchomoa kitu umeme ukiwapo ndiyo njia inayojulikana ya kuiunguza. Kwenye A500 angalau imekaa kwenye soketi, utatafuta nyingine ubadilishe. Mwenye A600 au A1200 imelehemiwa kwenye ubao, hapo utamtafuta fundi na mfuko wako utaujua. Na mwenye Amiga 1000 asikijaribu kabisa hata kama amezima, kwa sababu poti yake ina mpangilio tofauti wa pini, pamoja na ile ya umeme.

Diski nazo. Zote tatu nilizopewa ni za HD, zile za ujazo mkubwa, zilizozibwa tundu kwa karatasi ya gundi ili zisomwe kama DD, za ujazo mdogo ambazo Amiga inazitaka. Leo zinasoma, baada ya muda zinaanza kutupa makosa. Kwenye diski ya kwanza anasema ameandika mwenyewe programu ya kucheza muziki. Niliingia kwenye CLI, dirisha la kuandikia amri, nikatumia amri ya Version juu ya faili lake. Amebadilisha jina la faili na kuweka picha yake ya kufungulia, ila maandishi ya ndani hakuyagusa: ni HippoPlayer, kazi ya Mfini K-P Koljonen, inayopatikana bure kwenye Aminet, hazina ya programu za Amiga iliyopo tangu mwaka 1992. Diski ya tatu eti ina nyimbo zilizorekodiwa kwa mfumo wake. Ni mafaili ya MOD, yaani muziki uliotungwa kwa kupanga vipande vifupi vya sauti, si wimbo uliorekodiwa. Faili la MOD lina nafasi za majina ya sampuli 31, herufi 22 kila moja, na wanamuziki wa zamani walikuwa wakiandika humo majina yao na salamu kwa marafiki. Salamu zote bado zimo. Mtu ameiba nyumba na kibao cha jina la mwenye nyumba ameacha mlangoni.

Diski ya pili ina kirusi kwenye sekta ya kuwashia. Ni SCA, cha mwaka 1987, kile kinachojinakili kwenye kila diski utakayoiingiza ambayo haikufungwa isiandikwe. Hakina ukali wa vilivyofuata, lakini diski ya mchezo inayotumia sekta hiyo kwa mambo yake inakufa. Kama umeshaiwasha mashine kwa diski hiyo, kubonyeza Ctrl na vitufe viwili vya Amiga hakutoshi, kirusi kinabaki kwenye kumbukumbu. Zima umeme, subiri nusu dakika, washa kwa diski safi ya Workbench (ile ya mfumo wa Amiga) iliyofungwa isiandikwe, kisha uandike install df0: check kwa kila diski uliyoigusa tangu siku hiyo.

Anachokwepa kwenye malipo pia mkijue. Anataka ulipe kwa PayPal kwa njia ya marafiki na familia, akisema anakupunguzia makato. Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Mzee alilipa hivyo, na pesa yake sioni ikirudi. Dada alilipa kwa kadi, na benki yake imeshapokea malalamiko. Mliolipa kwa kadi wapigieni benki sasa, msingoje ahadi za muuzaji kwamba anatuma diski mpya, maana siku za kulalamika zinahesabiwa na yeye anazijua. Diski msizifute wala kuziformati. Pigeni picha chipu ndani ya kiboksi, stika ikionekana kwenye picha hiyo hiyo.

Kwa anayetaka sampla ya A500 kwa raha yake, zipo za kweli za biti 8 kwenye minada kwa bei ya chini zaidi ya hiyo, nyingi zikiwa na jina la kampuni na stereo halisi. Muulize muuzaji picha ya ndani na umwambie akurekodie sekunde kumi huku kamera ikionyesha kiboksi na taa ya umeme. Mkweli hatachukia. Ukitaka biti 16 ya kweli, ipo kadi ya sauti kama Toccata, lakini inaingia kwenye nafasi za Zorro, yaani za kuchomekea kadi za ziada, za Amiga kubwa A2000, A3000 au A4000, siyo A500.

Kaseti za mzee tumeanza kuzihamisha kwa deki yake mwenyewe, kadi ndogo ya sauti ya USB na Audacity, programu ya kurekodi ambayo ni bure. Wa Leicester na Birmingham mwenye deki nzima ya akiba aniandikie, maana ya mzee mkanda wake wa mpira umeanza kulegea.