Mafunzo ya sera kwa watafiti wa elimu ya chekechea, Nairobi: kalamu yanolewa, kalenda yasahauliwa

Tasnifu nzuri kuhusu watoto wa chekechea inaweza kukaa rafuni miaka kumi bila afisa yeyote kuifungua. Mafunzo haya ya siku tano, yanayofanyika Westlands, yanakusudia kuzuia hasara hiyo, na kwa sehemu kubwa yanafaulu. Ni ya watafiti wa uzamifu waliokwisha kukusanya data. Anayeandika pendekezo la utafiti asubiri kwanza, maana kila zoezi linadai matokeo yake mwenyewe yawe mkononi.

Uzito wote uko siku ya pili na ya tatu, kwenye uandishi wa muhtasari wa sera, yaani andiko fupi la kumshauri mwenye mamlaka. Kurasa mbili, basi. Mshiriki huanza na pendekezo moja kutoka sura ya mwisho ya tasnifu yake, na mara nyingi ni hili: "Serikali iwekeze zaidi katika elimu ya awali." Mkufunzi huzungushia duara neno "Serikali" na kuuliza, ipi? Hapo ndipo darasa linapoamka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa serikali za kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto. Sera ya kitaifa na viwango viko Wizara ya Elimu, mtaala uko KICD, taasisi ya kitaifa ya kukuza mitaala. TSC, tume ya kitaifa ya walimu, humsajili mwalimu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea; wa pili ni PP2) lakini haimwajiri. Ajira hiyo ni ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Ukiiomba TSC iajiri walimu wa PP2, umebisha mlango usiohusika, hata takwimu zako ziwe safi namna gani.

Wengi hunaswa na cheo kimoja: mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Ni afisa wa serikali kuu, si wa gavana. Watafiti humfahamu kwa sababu hupiga ripoti kwake na kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa inayoidhinisha utafiti, kabla ya kuingia shuleni, kisha humpelekea mapendekezo wakidhani fedha za chekechea ziko kwake. Ziko kwa waziri wa elimu wa kaunti na afisa wake mkuu. Mafunzo yanalieleza jambo hili vizuri sana.

Jioni ya siku ya tatu lile pendekezo husomeka hivi: "Afisa mkuu wa elimu, Kaunti ya Jiji la Nairobi, aingize mishahara ya walimu wasaidizi wa PP1 katika makadirio ya mwaka wa fedha ujao, aanze na vituo vyenye mwalimu mmoja tu." Sasa lina mwenye kazi, kazi yenyewe, muda, na pa kuanzia.

Mfano wa Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Jiji la Nairobi wa chakula cha shuleni ulioanza 2023 ambapo mtoto hulipa shilingi 5, umetumika kwa busara. Washiriki hutenganisha kile ambacho rejista ya mahudhurio inaweza kuthibitisha na kile isichoweza. Mtoto kuja shule ni jambo moja. Kujifunza kutambua herufi ni jingine, linahitaji kipimo chake. Mtafiti akiyachanganya, swali moja la MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) makini litamwangusha.

Gharama zimepewa saa moja tu, nazo zilistahili nusu siku. Swali la kwanza kwenye kamati ya bunge la kaunti ni "itagharimu pesa ngapi?" Inafaa mshiriki ajifunze kutenganisha gharama za kuanzia, kama vile viti na vyoo, na zile zinazorudi kila mwaka, kama mishahara, uji na ukaguzi, kisha agawe jumla kwa idadi ya watoto.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kalenda, iliyopita kwenye slaidi moja. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, Taarifa ya Mkakati wa Fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kufikia Juni 30. Taarifa ya Februari ndiyo huweka ukomo wa fedha za kila idara. Anayeleta ushahidi wake Mei anakuta ukomo umeshawekwa, na kila shilingi anayoiombea chekechea sharti ing'olewe kwingine. Kalenda hii ilipaswa kuwa somo la siku ya kwanza, kila mshiriki akihesabu kurudi nyuma kutoka Februari.

Siku ya nne ni ya kuzungumza kwa dakika tatu bila slaidi. Zoezi zuri, lakini lote ni kwa Kiingereza. Mtafiti atakayesimama kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma katika mitaa ya mabanda ya Mukuru au Korogocho atahitaji Kiswahili cha kumweleza mzazi kwa nini darasa la watoto wengi humchelewesha mtoto wake, na maneno hayo hayaji yenyewe.

Siku ya tano ni mjadala wa jopo na vyeti. Chai na chakula cha mchana vimo kwenye ada, malazi hayamo.

Tunayapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ukienda, beba jedwali moja la matokeo yako, bajeti ya kaunti ya mwaka huu iliyochapishwa, na jina la kamati ya bunge la kaunti unayoilenga. Chagua awamu ya kati ya Septemba na Novemba, ili muhtasari uwe umekamilika kabla Taarifa ya Februari haijaanza kuandikwa.