Mfumo wa Kompyuta wa Hospitali Upimwe Wodini: Tathmini Baada ya Miezi 6

Mfumo ninaoutathmini hapa unaunganisha mapokezi, maabara, famasi, wodi na malipo, nao umetumika kwa miezi 6 katika hospitali ninayofanyia kazi. Sitautaja jina. Muuzaji alituletea orodha ndefu ya kazi unazoweza kufanya, na kwa haki yake niseme kwamba unazifanya. Lakini nilipoteuliwa kuingia katika kamati ya kuupima niliiweka orodha hiyo kando, nikaenda kukaa wodini wakati wauguzi wanapokabidhiana zamu.

Huko nilikuta daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, ambamo wauguzi waliandika dawa za saa 12 jioni za kila kitanda, kwa sababu ili kuona dawa zote za mgonjwa mmoja kwenye mfumo iliwalazimu kufungua skrini moja baada ya nyingine. Hakuna aliyewaagiza kuliandika, na msimamizi mmoja alitaka lipigwe marufuku. Kwangu mimi daftari hilo ni ushahidi mzito kuliko ripoti yoyote, maana kila ukurasa wake unaonyesha kazi ambayo mfumo umeshindwa kuibeba. Wala tatizo si geni: mwaka 2005 utafiti ulioongozwa na Ross Koppel nchini Marekani ulibainisha aina 22 za hatari za makosa ya dawa zilizochangiwa na mfumo wa kuagiza dawa kwa kompyuta, na kutawanyika kwa taarifa za dawa za mgonjwa kwenye skrini nyingi kulikuwa miongoni mwake.

Maabara ndiyo iliyofaidika zaidi. Majibu humfikia daktari mara tu yanapothibitishwa, na ule ugomvi wa zamani wa kusoma mwandiko umekwisha. Malipo nayo yanakwenda vizuri. Famasi iko katikati: tahadhari za mzio zinafaa sana, ila mfumo hupiga kelele hata kwa mambo madogo, hivyo mfamasia huzoea kuifunga kila tahadhari bila kuisoma, ikiwemo ile ambayo ingeokoa maisha.

Wapo walioniuliza kwa nini nisiusifu au kuukataa mfumo wenyewe moja kwa moja. Jibu langu ni mfano huu. Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilipoanza kuagiza matibabu kwa kompyuta mwaka 2002, watafiti waliwafuatilia watoto waliohamishiwa hapo kutoka hospitali nyingine, wakakuta vifo vimepanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Maagizo hayakuweza kuingizwa kabla mtoto hajafika na kusajiliwa, dawa zilihamishiwa famasi kuu, na wahudumu wakawa kwenye kompyuta badala ya kitandani. Hospitali ya watoto ya Seattle, nchini humo humo, ilitumia programu hiyo hiyo, na vifo havikuongezeka. Tofauti ilikuwa katika jinsi kazi ilivyopangwa kuizunguka programu, jambo ambalo halimo katika orodha ya muuzaji yeyote.

Tulitumia pia SUS, dodoso la kupima urahisi wa kutumia mfumo, alilolibuni John Brooke mwaka 1986, lenye kauli 10 na alama za kuanzia 0 hadi 100. Ni jepesi kujaza, lakini kamati ilikosea ilipochanganya majibu ya idara zote, kwani furaha ya makarani ilifunika kero ya wauguzi. Lisomwe idara kwa idara. Umeme ulipokatika tulirudi kwenye karatasi bila shida. Shida ilikuja baadaye, pale ambapo haikujulikana ni nani aziingize karatasi hizo kwenye mfumo.

Nimependekeza maabara na malipo yaendelee kama yalivyo, tahadhari za famasi zipunguzwe, na awamu ya mwisho ya malipo kwa muuzaji isubiri hadi dawa zote za mgonjwa zionekane kwenye skrini moja. Daftari la wauguzi nimeomba liachwe wodini. Baada ya marekebisho nitarudi kuangalia kama bado linaandikwa.