Moodle: Seva ya Chuoni au ya Kukodi?

Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ni programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni, isiyo na ada ya leseni. Kwa hiyo swali linalorudi kila mwaka katika vyuo vikuu vya Bukavu si bei yake, bali mahali pa kuiweka: kwenye seva (kompyuta inayoihifadhi na kuwafungulia watumiaji) ya chuo chenyewe, au ya kukodi.

Kwa uthabiti, seva ya kukodi iliyoko ng'ambo haiguswi na umeme unapokatika Kadutu, mtaa wa Bukavu, na mwanafunzi aliyeko Uvira huifungua kama kawaida. Seva ya chuoni hutegemea betri na jenereta. Nimewahi kuketi mbele ya moja usiku wa kuamkia mtihani, nikirekebisha majedwali ya hifadhidata yaliyoharibika kwa kuzimika ghafla, huku nakala ya akiba ikiwa ya siku tisa nyuma. Tangu hapo sikubali seva yoyote ambayo nakala zake hazihifadhiwi pia nje ya jengo.

Hata hivyo, kwa mfuko wa mwanafunzi, seva ya chuoni inashinda waziwazi: video ya somo yenye megabaiti 200 hupakuliwa kwa Wi-Fi ya chuo bila kulipia chochote, hata intaneti ya mji ikiwa imekatika. Ya kukodi hulipiwa kwa dola, na malipo yakichelewa husimamishwa.

Matunzo yanategemea watu. Chuo chenye fundi wa kudumu na wanafunzi wanaoshinda chuoni kitafaidika na seva yake. Chenye mwalimu mmoja anayeisimamia baada ya vipindi, na wanafunzi waliotawanyika, afadhali kikodi.