Miezi mitano na makopo matatu ya asidi amino: kilichofaa na kisichofaa

Asidi amino ni vijenzi vidogo vya protini. Kopo la kwanza lilikuwa la unga unaouzwa kwa herufi BCAA, yaani asidi amino tatu zenye matawi: leusini, isoleusini na valini, zikiwa kwa uwiano wa 2:1:1. Kijiko kimoja cha kupimia kilibeba gramu 7, kwa maana ya gramu 3.5 za leusini na gramu 1.75 za kila moja ya hizo nyingine mbili. Niliutumia kwa wiki nane, kijiko kimoja kabla ya kunyanyua vyuma na kingine baadaye, siku nne kwa wiki. Kopo la pili, lililokuwa na asidi amino zote tisa ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, nilikaa nalo wiki sita. La tatu lilikuwa la beta-alanini peke yake, nikalitumia kwa wiki nane nilipokuwa nimeongeza mbio fupi kwenye ratiba yangu. Kampuni zilizoyatengeneza sitazitaja, kwa sababu ninachokipima hapa ni vilivyomo ndani ya kopo, na vitu hivyo ni vilevile hata lebo ikibadilika.

Nianze na ladha, kwani ndiyo inayomfika mnunuzi kabla ya mengine yote. Leusini ni chungu na haichanganyiki vizuri na maji. Ukiutikisa unga huo katika chupa utapata povu zito juu na chembe nyeupe zinazogandama ukutani, na hata baada ya kusubiri dakika kadhaa bado kuna mchanga laini unaobaki ulimini. Watengenezaji huuficha uchungu huo kwa viongeza utamu vingi na ukakasi wa asidi ya sitiriki, na matokeo yake ni kinywaji kitamu kupita kiasi mwanzoni na kichungu mwishoni. Unga wa asidi amino zote tisa ulikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa methionini iliyomo ina salfa, na harufu yake inajitokeza mara tu kifuniko kinapofunguliwa.

Sasa nije kwenye ahadi. Lebo ya kopo la kwanza ilisema kwamba unga huo hujenga misuli, huzuia misuli isivunjwe wakati wa mazoezi na huharakisha kupona. Ahadi hiyo haikuzuka hewani. Ni kweli kwamba leusini hufanya kazi ya ishara: ikiongezeka katika damu, huamsha ndani ya seli za misuli mfumo unaoamuru utengenezaji wa protini uanze. Hapo ndipo wauzaji hukomea, na hapo ndipo swali lenyewe linapoanza, kwa sababu amri ya kujenga si sawa na kuwa na vya kujengea. Protini ya misuli husukwa kwa asidi amino 20 za aina mbalimbali, tisa kati yake zikiwa ni zile ambazo lazima ziingie kwa kuliwa: histidini, isoleusini, leusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Fundi aliyepewa uzi wa rangi tatu kwa nguo yenye rangi tisa anaweza kuanza kushona kwa kasi kubwa, lakini atasimama mara uzi wa rangi ya nne utakapohitajika. Mtu aliyekunywa BCAA tumbo likiwa tupu hana pa kuzipata asidi amino sita zilizobaki isipokuwa katika misuli yake mwenyewe inayovunjwa, yaani ile ile aliyotaka kuilinda.

Jambo hili lilichambuliwa mwaka 2017 na Robert Wolfe, mtafiti wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya kazi yake kupima jinsi protini inavyojengwa na kuvunjwa mwilini. Alipopitia machapisho yaliyokuwapo, alikuta tafiti mbili tu ambamo watu walipewa BCAA peke yake kupitia mshipa, na katika zote mbili utengenezaji wa protini ya misuli ulishuka badala ya kupanda. Uvunjaji nao ulipungua, ni kweli, ila faida hiyo ilimezwa na hasara. Mwaka huohuo lilichapishwa jaribio la Uingereza ambamo vijana 10 waliozoea kunyanyua vyuma walikunywa gramu 5.6 za BCAA baada ya mazoezi, na utengenezaji wa protini ya misuli yao ukawa juu kwa asilimia 22 kuliko walipokunywa kinywaji kisicho na kiambato chochote. Wauzaji huitaja asilimia hiyo kwa furaha. Wasichokitaja ni kwamba ongezeko hilo ni dogo kuliko linalopatikana kwa protini kamili ya maziwa iliyo na kiasi kilekile cha BCAA ndani yake, na kwamba kushinda maji matupu si mashindano makubwa.

Kwangu mimi wiki nane hizo hazikuleta tofauti niliyoweza kuiona. Uzito niliokuwa nikiunyanyua uliendelea kupanda kwa mwendo uleule wa miezi iliyotangulia. Maumivu ya misuli ya siku ya pili baada ya mazoezi ya miguu labda yalipungua kidogo, na baadhi ya tafiti pia zimeonyesha nafuu kama hiyo, lakini mtu mmoja anayejua anachokunywa hawezi kuwa shahidi wa kuaminika katika jambo linalopimwa kwa hisia. Muhimu zaidi ni kwamba nilikuwa tayari ninakula protini ya kutosha. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliojumuisha majaribio 49 na washiriki 1,863, ulionyesha kwamba kwa watu wanaofanya mazoezi ya nguvu faida ya kuongeza protini hufikia kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112, na takribani robo ya gramu hizo, kama zinatokana na maziwa, huwa tayari ni zilezile asidi amino tatu zilizomo katika kopo. Nilikuwa ninanunua kwa kijiko kitu ambacho sahani ilikuwa inanipa bila kuombwa.

Kuna dai jingine lililoandikwa ubavuni mwa kopo ambalo linastahili kujibiwa, nalo ni kwamba unga huo hauna kalori na kwa hiyo unaweza kunywewa wakati wa kufunga bila kuuharibu mfungo. Asidi amino hutoa nishati ya takribani kalori 4 kwa gramu kama protini nyingine yoyote, na leusini huchochea utolewaji wa insulini, homoni ambayo mwili huitoa mtu anapokula. Sifuri iliyopo kwenye lebo inatokana na namna sheria za baadhi ya nchi zinavyotaka hesabu iandikwe, wala si kwamba mwili hauoni kitu.

Kopo la pili nililipa heshima zaidi. Likiwa na asidi amino zote tisa, linampa fundi rangi zote, na kwa kuwa hazihitaji kumeng'enywa kama chakula, huingia katika damu upesi. Mtu wa umri mkubwa, ambaye misuli yake huitikia protini kwa udhaifu kuliko ya kijana na ambaye pengine hana hamu ya kula, ana sababu nzuri ya kulifikiria. Lipo jaribio la Marekani ambamo wagonjwa waliobadilishiwa goti walipewa gramu 20 za asidi amino hizi mara mbili kwa siku, kuanzia wiki moja kabla ya upasuaji hadi wiki mbili baadaye, na misuli ya mapaja yao ikasinyaa kidogo kuliko ya wenzao. Hayo ni matumizi yenye maana. Kwa mtu mwenye afya anayekula vizuri na anayeweza kunywa glasi ya maziwa baada ya mazoezi, sikuona kopo hilo linaongeza nini zaidi ya urahisi wa kubeba, na ule uvundo wa salfa ulinifanya nilikimbie kabla sijafika chini.

La tatu ndilo lililonishangaza. Beta-alanini ni asidi amino ambayo haiingii katika ujenzi wa protini kabisa. Kazi yake ni kuungana na histidini ndani ya misuli na kutengeneza kanosini, ambayo hupunguza kujaa kwa asidi misuli inapofanya kazi kwa nguvu kubwa. Kwa sababu hiyo faida yake huonekana katika juhudi za takribani dakika 1 hadi 4, kama mbio za mita 800 au 1,500, na haina msaada wa maana kwa mtu anayenyanyua uzito mkubwa mara tatu kisha anapumzika. Ni kati ya vitu vitano tu ambavyo tamko la kitaalamu la Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki la mwaka 2018 lilivitambua kuwa na ushahidi mzuri wa kuongeza uwezo wa mwanamichezo moja kwa moja. Vingine ni kafeini, kreatini, naitreti na sodiamu baikaboneti. BCAA hazimo katika orodha hiyo.

Matumizi yake yanahitaji subira, kwani kanosini hujengeka kwa wiki nyingi, na kipimo cha gramu 3.2 hadi 6.4 kwa siku ndicho kilichotumika katika tafiti nyingi. Siku ya kwanza nilimeza gramu 3.2 kwa mkupuo, na baada ya kama robo saa uso, masikio na migongo ya mikono vilianza kuwasha na kuchomachoma kana kwamba nimepita katikati ya upupu. Hali hiyo haina madhara yanayojulikana na hupita yenyewe, lakini lebo haikuitaja hata kwa neno moja, na mtu asiyejua angeweza kudhani amepata mzio wa hatari. Kuanzia siku ya pili niligawa kipimo hicho mara nne, gramu 0.8 kila mara, na mwasho ukatoweka. Kuanzia wiki ya tano nilihisi kwamba marudio ya mwisho ya mita 400 hayanivunji kama zamani. Ninakubali kwamba onyo nililojipa juu kuhusu hisia linahusu hapa pia. Tofauti ni kwamba safari hii hisia yangu inakwenda upande mmoja na majaribio.

Kuhusu asidi amino nyingine zinazopangwa kwenye rafu hiyohiyo nitasema machache. Arginini, inayouzwa kwa ahadi ya kupanua mishipa ya damu, ikimezwa huvunjwa kwa wingi katika utumbo na ini kabla ya kuifikia damu ya mwili mzima, na ndiyo maana sitrulini, ambayo jina lake limetokana na tikiti maji, huongeza arginini ya damu kuliko arginini yenyewe. Hata hivyo, matokeo ya tafiti za sitrulini katika mazoezi bado yanapingana. Glutamini ni tele katika damu ya mtu mwenye afya, na mwanamichezo aliyeshiba haihitaji katika kopo.

Jambo lililonichukulia muda mwingi kuliko kunywa ni kusoma lebo. Mbili kati ya bidhaa tatu nilizokuwa nazo zilitaja gramu za kila asidi amino waziwazi. Moja, ile ya asidi amino tisa, ilizikusanya zote chini ya jina la mchanganyiko maalumu na kutoa jumla tu, kiasi kwamba mnunuzi hawezi kujua kama leusini ni gramu 3 au nusu gramu. Bidhaa ya namna hiyo haistahili kununuliwa, hata kama ni nzuri. Ujanja mwingine unafanyika katika unga wa protini: maabara nyingi hukadiria protini kwa kupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, kwa hiyo mtengenezaji asiye mwaminifu huongeza glisini au taurini, ambazo nazo zina naitrojeni na ni rahisi kupatikana, na kipimo kikapanda bila protini yenyewe kupanda.

Usalama nao si jambo la kupuuzwa. Mwaka 1989 nchini Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua ugonjwa wa maumivu makali ya misuli na kuongezeka kwa aina fulani ya seli nyeupe za damu baada ya kutumia vidonge vya triptofani, na zaidi ya 30 walifariki. Ugonjwa huo ulihusishwa na bidhaa za mtengenezaji mmoja. Aidha, maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipopima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001, ilikuta 94 kati yake, karibu asilimia 15, vikiwa na viambato vya homoni ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Mwanamichezo anayepimwa dawa zilizopigwa marufuku atawajibika kwa kitakachokutwa mwilini mwake hata kama hakukusudia, kwa hiyo atafute kopo lenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, yaani alama za mipango inayopima virutubisho kuona kama vina dawa hizo, na ahakikishe kuwa namba ya toleo lililopimwa ndiyo iliyopo kwenye kopo lake. Mwenye ugonjwa wa figo au ini amwone daktari kwanza. Aliyezaliwa na fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuivunja fenilalanini, asiguse unga wenye fenilalanini, wala uliotiwa utamu wa aspatami, kwa kuwa aspatami nayo hutoa fenilalanini.

Kwa nyota, BCAA ninazipa moja kati ya tano, asidi amino zote tisa ninazipa mbili kwa mtu kama mimi na nne kwa mzee au mgonjwa anayepona, na beta-alanini ninaipa nne kwa mkimbiaji wa masafa ya kati. Kopo la kwanza lingali na theluthi ya unga wake kabatini, limeshaganda mabonge kwa unyevu, na sina mpango wa kulimaliza.