Mwanzo 15 na Mwanzo 17: nani anajifunga?

Mungu anaweka agano na Abramu mara mbili, na sura hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Katika Mwanzo 15 kuna giza na damu. Abramu anapasua ndama, mbuzi na kondoo dume, wote wa miaka mitatu, anapanga vipande vikielekeana, kisha anakaa akifukuza tai wanaotua juu ya mizoga. Kwa desturi ya zamani ya kufanya agano, apitaye katikati ya vipande hujiapiza: nikivunja neno, yanipate yaliyompata mnyama huyu. Yeremia 34 inaitaja desturi hiyo. Ajabu ni kwamba Abramu hapiti. Usingizi mzito umemshika. Kinachopita ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto, yaani Mungu peke yake ndiye anayejifunga.

Mwanzo 17 haina moshi. Abramu ana miaka 99, anapewa jina la Ibrahimu, na sasa naye ana wajibu: wanaume wote watahiriwe, mtoto akiwa wa siku nane, asiyetahiriwa atakatiliwa mbali na watu wake. Wataalamu wengi wanasema ni maandishi ya makuhani. Mimi naona sura ya 15 inatisha na kuvuta zaidi, ingawa agizo la sura ya 17 ndilo Wayahudi wanaloendelea kulitimiza hadi leo.