Nikon D600 Katika Mwanga wa Lamu: Kamera Nzuri Iliyoharibiwa Jina na Madoa

Nikon D600 ilitangazwa Septemba 2012 kwa bei ya takriban dola 2,100 za Marekani bila lenzi. Ilikuwa na sensa (kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha) ya fremu kamili, yaani yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, na megapikseli 24.3, na wakati ule ilikuwa miongoni mwa njia nafuu zaidi za kuingia katika daraja hilo la kamera. Leo zinauzwa zilizotumika kwa bei ambayo kijana anayeanza kazi ya picha za harusi hapa Lamu anaweza kuimudu akijipanga, na kila anayetaka kuinunua hukutana na ubishi ule ule uliowagawanya wapenzi wa kamera tangu mwanzo: wapo wanaoapa kwamba ni mbovu, na wapo wanaoapa kwamba haina neno.

Malalamiko yalianza mapema. Oktoba 2012 kampuni ya kukodisha vifaa ya Lensrentals, huko Marekani, iliandika kwamba sensa za D600 zake zilikuwa zikichafuka kupita kawaida, na kwamba madoa yalijikusanya zaidi upande wa juu kushoto wa picha. Wamiliki waliokuwa wameona jambo hilo walifarijika, lakini wengine waliwajibu kwa ukali kwamba kila kamera huingia vumbi na kwamba mlalamikaji hajui kubadilisha lenzi. Februari 2013 Nikon ilitoa ushauri kwamba mtu asafishe kwa kipulizio cha mpira, na ikishindikana aipeleke kamera kwenye kituo cha huduma. Oktoba mwaka huo huo Nikon ikatoa D610, inayofanana na D600 karibu kwa kila kitu isipokuwa shata mpya, yaani pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa, ambalo ndilo lililolaumiwa kwa kurusha mafuta na vumbi, na hapo hasira zikapanda, kwa kuwa aliyelipa fedha nyingi mwaka mmoja nyuma aliona dawa ya tatizo lake imetiwa ndani ya kamera nyingine anayotakiwa kuinunua upya. Februari 2014 kampuni ilikubali kukagua, kusafisha na kubadilisha shata bila malipo hata pale dhamana ilipokuwa imekwisha. Mwezi uliofuata televisheni ya taifa ya China, CCTV, ililitangaza suala hilo katika kipindi chake cha haki za walaji, na mamlaka za Shanghai zikaagiza D600 iondolewe madukani.

Ninaamini kwamba watu wengi katika ugomvi ule walisema kweli, wa pande zote mbili, na kilichowatenganisha ni aina ya picha walizopiga. Doa halikai kwenye sensa yenyewe bali juu ya kioo chembamba kilicho mbele yake. Tundu la lenzi likiwa wazi, tuseme f/2.8, mwanga hulifikia doa kutoka pembe nyingi na kivuli chake hutawanyika hata kisionekane. Tundu likibanwa hadi f/11 au f/16, miale huingia ikiwa imenyooka, na kivuli huanguka kwenye picha kikiwa na ukingo ulio wazi. Kwa hiyo mpiga picha za sura za watu anaweza kuitumia kamera yenye madoa mwaka mzima asiyaone, ilhali mwenzake anayepiga mbingu na bahari akayakuta kila siku.

Nimeuona ubishi huu ukimalizwa kwenye uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kwa namna ambayo ningependa ubishi wote wa vifaa umalizwe. Mzee mmoja wa picha za harusi alikuwa akimwambia kijana, "Mwanangu, mimi nimepiga maharusi kwa kamera hii na sijaona doa hata moja." Kijana, ambaye kazi yake ni kupiga majahazi, akamjibu kwa adabu, "Mjomba, hebu bana tundu hadi f/16 uipige mbingu." Walikwenda ukingoni mwa bahari, mzee akaelekeza lenzi juu ya kisiwa cha Manda pasipo na wingu, akapiga, kisha akaikuza picha kwenye skrini ya nyuma. Vilikuwapo pale juu kushoto: viduara vya kijivu, baadhi vikiwa na pete hafifu pembeni. Mzee aliviangalia kwa muda, akasema, "Kweli yapo. Lakini bi harusi hapigwi kwa f/16." Naye pia alikuwa na haki.

Hapa kwetu suala hili lina uzito kuliko katika miji mingi. Picha zinazotafutwa Lamu zimejaa nafasi tupu zenye mwanga: tanga jeupe, ukuta wa chokaa, vilima vya mchanga vya Shela, mbingu ya kaskazi isiyo na wingu. Doa moja juu ya tanga ni kazi ya kufuta kwenye kompyuta, na picha ya mashindano ya majahazi yenye madoa thelathini hula jioni nzima. Isitoshe, upepo wetu hubeba mchanga na chumvi, hivyo mtu anaweza kuilaumu shata kwa vumbi alilolileta mwenyewe kutoka ufukweni. Vumbi kavu mara nyingi hutoka kwa kipulizio. Doa la mafuta halitoki hivyo, linahitaji kifutio maalumu cha sensa na dawa yake, ndani ya chumba kisicho na upepo na betri ikiwa imejaa ili kioo cha ndani kisishuke katikati ya kazi. Kwa kuwa picha huangukia sensa ikiwa imepinduliwa, doa la juu kushoto litafutwe chini kushoto unapoitazama kamera kwa mbele.

Anayenunua iliyotumika aombe karatasi ya huduma inayoonyesha kwamba shata ilibadilishwa. Isipokuwepo, aisafishe sensa kwanza, apige mbingu kwa f/16 na ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), aendelee na kazi yake kwa picha mia kadhaa, kisha apige mbingu tena kwa namna ile ile na kuzilinganisha picha mbili hizo. Madoa yakirudi kwa wingi upande ule ule, shata ni ya zamani. Muuzaji anayekataa jaribio hili aachwe na kamera yake.

Mbali na hilo, D600 bado ni kamera ya kuheshimiwa. Katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ambako ukuta mmoja uko gizani na mwingine unameremeta kwa jua, faili zake huruhusu kivuli kuinuliwa hadi nakshi za mlango zikaonekana bila picha kuharibika. Usiku wa Maulidi niliipandisha hadi ISO 3200 na sikuona sababu ya kutumia flashi. Ina nafasi mbili za kadi, jambo ambalo mpiga picha wa harusi asilipuuze. Kasoro nyingine ni za kawaida: alama zake 39 za kulenga zimesongamana katikati, na kasi ya shata haivuki 1/4000, kwa hiyo lenzi ya f/1.4 haifunguliki yote katika jua la mchana.

Kwa picha za sura na sherehe, naipendekeza D600 yoyote iliyotunzwa, bei yake ikiwa imepunguzwa kulingana na hali ya sensa. Kwa anayepiga bahari, naipendekeza ile tu yenye shata iliyobadilishwa, na tofauti ya bei ikiwa ndogo achukue D610 moja kwa moja.