Tathmini ya huduma ya maabara ya kupima virusi katika mitofaa michanga

Mtofaa ukishaingiwa na virusi hauponi. Hakuna dawa ya kupuliza, ya kumwagilia wala ya kupaka kwenye shina inayoweza kuviondoa ndani ya mti uliokwisha kupandwa, na anayeahidi vinginevyo anamdanganya mnunuzi. Ndiyo maana fedha ambazo watu wengi huzitumia kununua chupa za dawa naona ni heri zitumike kupima majani maabara, huduma ambayo niliijaribu kwa mitofaa miwili ya uani iliyokuwa bado haijaanza kuzaa.

Mmoja ulikuwa na dalili za wazi. Majani yake ya mwanzo wa msimu yalitoka na mabaka ya rangi ya malai, mengine yakiwa madoa yaliyotawanyika na mengine yakifuata mishipa ya jani, kisha jua lilipozidi baadhi ya mabaka yakakauka na kuwa ya kahawia. Wengi wakiona hivyo hudhani ni upungufu wa madini ya chuma, lakini upungufu huo huacha mishipa ikiwa ya kijani na kuigeuza njano nafasi iliyo kati yake, ilhali batobato, ugonjwa wa virusi unaoleta mabaka hayo, haina mpangilio wa namna hiyo. Mti wa pili haukuwa na kasoro yoyote ya kuonekana kwa macho. Niliupima kwa ajili ya kulinganisha tu.

Maelekezo ya kuchukua sampuli ndiyo sehemu iliyonifurahisha zaidi. Maabara ilitaka majani machanga kutoka matawi ya pande zote za mti, kwa kuwa virusi havisambai sawasawa na tawi moja linaweza kutoonyesha kitu wakati la jirani limejaa. Majani yalifungwa kwa karatasi laini, yakatiwa katika mfuko wa plastiki na kuhifadhiwa kwenye baridi hadi yalipotumwa.

Majibu yalitaja kila kirusi kwa jina lake, na hapo ndipo huduma ilipojilipa. Mti wenye mabaka ulikutwa na kirusi cha batobato ya mtofaa, kifupi chake ApMV, pamoja na ACLSV, yaani kirusi cha madoa ya njano ya majani ya mtofaa. Mti wa pili, ule niliouona mzima, nao ulikutwa na ACLSV, ambacho ni miongoni mwa virusi vinavyoweza kukaa kimya ndani ya aina nyingi za mitofaa bila kuacha alama yoyote, kisha vikaleta madhara kikonyo (kijitawi cha kupandikizia) cha mti huo kinapobebeshwa, yaani kuunganishwa, kwenye shina la chini lisilovistahimili. Virusi hivi huenea hasa kwa kubebesha, kwa hiyo yaelekea miti hii ilitoka kitaluni ikiwa tayari imeambukizwa. Niliung'oa wa kwanza pamoja na mizizi yake, maana mizizi ya miti jirani huweza kuungana ardhini na kupitisha maambukizi. Wa pili nimeuacha uzae, ila hautatolewa kikonyo hata kimoja.

Nina malalamiko mawili. Kwanza, maabara hupokea sampuli mwaka mzima bila kumtahadharisha mteja kwamba wakati wa joto kali kiasi cha virusi majanini hupungua, hivyo kipimo cha ELISA, kinachotambua protini ya kirusi kwa kutumia kingamwili, kinaweza kuukosa ugonjwa uliopo. Anayepima msimu huo achague PCR, ambayo hutafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe na hunasa hata kiasi kidogo, au asubiri majani mapya. Pia cheti kisichotaja kirusi chochote hakimaanishi kwamba mti ni safi, bali kwamba virusi vilivyotafutwa havikuonekana, na tofauti hiyo ilistahili kuandikwa kwa herufi zinazosomeka.

Pili, hawapimi udongo. Kirusi cha ToRSV (kirusi cha madoa duara ya nyanya), kinachoozesha maungio ya mche uliobebeshwa, hasa ukiwa juu ya shina la chini la aina ya MM.106, huenezwa na nematodi (minyoo wadogo sana) wa jenasi ya Xiphinema wanaoishi ardhini, na kirusi chenyewe pia hujificha katika magugu kama dandelioni. Mtu aliyeng'oa mti kwa sababu ya kirusi hicho anahitaji kujua hali ya shimo kabla ya kupanda mche mwingine hapo, hata ukiwa mche uliothibitishwa kuwa hauna virusi, na kwa sasa jibu hilo analazimika kulitafuta katika maabara nyingine.